Mjafari Uliovuliwa Nguo

Wifi yangu hapendi kuitwa mganga. Enzi za meza yake ya sokoni, mtu akimwita hivyo alikuwa anaweka kisu chini, anamtazama toka unyayo hadi utosi, kisha anamwambia, "Mganga ni yule anayejua unachoumwa kabla hujasema. Mimi nisipoambiwa sijui. Sema, jino au kifua?" Basi mtu atacheka, atasema jino, na atapewa kipande cha ganda kama kidole gumba akitafune palepale. Sokoni walimwita Bi Maganda, na jina hilo alilipenda kwa sababu halikuwa na uongo ndani yake.

Ganda lenyewe ni la mjafari. Asiyeujua nimweleze. Ni mti wa msituni, mrefu, umenyooka, na shina lake limejaa vinundu vigumu kama chuchu za mbuzi, kila kinundu na mwiba wake kichwani. Watoto huuita mti wenye meno. Ganda lake ukilitafuna, kwanza ni chungu kama neno la jirani, halafu linawasha kama pilipili, halafu ulimi unakufa ganzi, hata ukiulizwa jina lako unalitamka kilevi. Jino linanyamaza. La kifua huchemshwa na kunywewa moto. Zaidi ya hayo wifi hakumwahidi mtu kitu. Aliyekuja amembeba mtoto mwenye homa alimfukuza kwa kelele, soko zima lisikie: "Mbio hospitali! Unasimama hapa kununua nini, nyanya?"

Mimi nimeolewa na kaka yake. Nilipoingia katika ukoo ule yeye alikuwa bado msichana wa kuchota maji, na tulianza kama mawifi wote wanavyoanza. Alisema chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe. Nikamjibu kwamba vikombe vya kwao vilikuwa vinahitaji kuoshwa. Toka siku hiyo tukapendana, na hadi leo hatujaacha kutukanana.

Mjafari huo ulikuwa wa mama yake, kama mti unaweza kuwa wa mtu. Ulisimama mwisho wa shamba, ng'ambo ya kijito, pale shamba linapogusana na msitu. Zamani mijafari ilikuwa mingi huko ndani. Mingine ikawa mkaa, mingine ikawa mbao, mingine ikachunwa na wageni waliokuja na magunia na hawakurudi tena kuona walichokiacha. Ukabaki mmoja. Mkwe wangu, yaani mama yake wifi, alikuwa na sheria moja juu ya mti ule, na aliisema kila mara kana kwamba hajawahi kuisema: toa ganda la upana wa kiganja, kwa urefu wa mti, usizunguke kamwe. Ukishatoa, paka tope penye jeraha, kisha usiguse upande mwingine mpaka huu ufunge. "Chakula cha mti kinashukia kwenye ganda," alikuwa anasema. "Ukimkata mduara umemtia kamba shingoni. Omba kama jirani, usichukue kama mwizi."

Wifi aliachwa mjane mapema, binti yake bado yuko mgongoni. Ndugu wa mume walimshauri aolewe tena, yeye akawashauri waende makwao. Akaweka meza sokoni, kinu kidogo, kisu cha mama yake na rundo la maganda. Kwa meza ile alimsomesha binti, na kwa meza ile akatoa nyasi kwenye paa akaweka mabati. Mvua ikinyesha juu ya mabati yale huniambia, "Sikiliza, wifi. Mjafari wangu unaongea." Mimi humwambia mbona unaropoka basi, hatulali.

Binti akakua, akapata mchumba fundi seremala. Jitu kubwa, pole, lenye mikono kama makafi, na penseli iliyoota sikioni. Hata siku ya harusi aliingia nayo, tukaona kwenye picha. Kwa heshima ya mkwe, yeye na wifi hawakuwa wakisemeshana ana kwa ana. Fundi amesimama hapo hapo, wifi atamwambia binti yake, "Mwambie mume wako mlango huu unalia." Na fundi, macho chini, atajibu, "Mwambie mama nitautia mafuta." Binti anageuza shingo huku na huku kama anatazama mpira. Mlango wenyewe uliendelea kulia.

Sasa, mwaka ule mtoto wa jicho alimwingia wifi macho yote mawili. Sokoni walimdhihaki bila huruma. "Bi Maganda, mganga hajigangi! Mbona hujajitia dawa yako jichoni?" Naye akawajibu, "Dawa yangu ni ya meno. Jicho langu likiota meno nitalitia." Akaenda hospitali, wakamfanyia jicho la kwanza, la pili likasubiri. Akarudi na kitambaa usoni na makatazo kemkem: asiiname, asikae na moshi, asipate vumbi, asipigwe na jua.

Ulikuwa msimu wa baridi, kila nyumba inakohoa. Binti alikwenda mezani badala ya mama yake, na maganda yakaisha. Watu wakawa wanakuja, wanakuta meza tupu, wanarudi na vikohozi vyao. Jioni binti akamlalamikia mumewe, kama mke anavyolalamika, bila kumtuma. Fundi akauliza mti uko wapi, na mama anasisitiza nini. Mkewe akamwambia: kisu kiwe safi, na ganda lisiguswe na jua. Lile la tatu hakulisema. Si kwamba alisahau. Kwa mtoto aliyezaliwa kivulini mwa mti ule, kutozunguka hakukuwa jambo la kuambiwa, kama vile huambiwi usikalie moto. Naye fundi katika kazi yake amefundishwa toka utotoni kwamba ganda ni uchafu wa mbao. Gogo zuri ni gogo lililomenywa likang'aa. Kila mmoja alijua chake, na katikati yao mti ukaponzeka.

Asubuhi ile mimi nilikuwa sebuleni kwa wifi nachambua maharage, yeye kwenye kiti chake, jicho moja chini ya kitambaa na jingine linaona ukungu. Mara tunasikia mkokoteni uani, na fundi akaingia amebeba gunia bichi linalochuruzika, akarudi kuleta jingine, na jingine. Mkewe nyuma yake, uso umechanua.

"Mwambie mama nimeleta mzigo," fundi akasema.

"Mama amesikia," nikamwambia. "Alipasuliwa jicho, si sikio."

Wifi akacheka, akatia mkono guniani. Akatoa ganda, akalinusa, akatabasamu. Kisha vidole vyake vikaanza kulipima upana. Vikaenda, vikaenda, havikufika ukingoni. Akatoa la pili, akaliweka ubavuni mwa la kwanza, na kingo zikakaa pamoja kama meno ya juu na ya chini. La tatu hivyo hivyo. Tabasamu likaondoka. Na hapo, mbele yetu, akamsemesha mkwe wake mwenyewe, kwa mara ya kwanza toka amwoe binti yake.

"Baba, hili umelitoa upande gani?"

"Pande zote, mama," akasema fundi. "Sikutaka kubagua."

"Umezunguka?"

"Nimezunguka. Toka hapa," akagusa kifua chake, "hadi magotini. Nimeusafisha, mama, haukubaki hata uzi."

Aliyasema kwa fahari ya mtu aliyemaliza kupiga randa meza ya harusi. Nikamwona binti anaziba mdomo kwa mkono. Wifi akalilaza lile ganda mapajani.

"Ahsante, baba," akasema. Basi.

Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kufunga duka la mchinja nyama kwa mdomo wake, kwa ajili ya mfupa. Nilipomwona amenyamaza, mimi nikashindwa. "We fundi!" nikasema. "Umeua mti! Hujui mti ukizungukwa unakufa? Huo ndio mti uliomlea mkeo, ndio uliokuezekea hapo uliposimama!"

Fundi akatazama juu kwenye mabati, kisha akatazama mikono yake. Penseli ikamdondoka sikioni, na hakuinama kuiokota.

"Wifi, mwache," akasema mwenzangu.

"Nimwache vipi? Mti wa mama yako!"

"Mti umeshavuliwa nguo. Ukimvua na mkwe wangu, tutakuwa na wawili walio uchi."

Nikarudi kwenye maharage yangu. Yeye akalishika tena lile ganda, akapitisha kidole upande wa ndani, akakilamba. "Bado linateleza," akasema polepole. "Limetoka mtini saa ngapi?"

"Alfajiri ya leo, mama. Nimelifunga kwenye magunia yaliyolowa, maana niliambiwa jua halitakiwi."

Wifi akainuka. "Basi lirudishwe."

Tukadhani dawa za hospitali zimempanda kichwani. Lakini alikuwa na maana yake. Mtoto akichubuka, ngozi ikabaki mbichi, huitupi. Unairudisha mahali pake unaifunga. Mbuzi wa jirani waliwahi kuubambua mti ule, na mama yake akarudisha kipande, kikashika. "Lakini kile kilikuwa kipande," akasema. "Huu ni mzunguko mzima. Sijui, wanangu. Ninachojua ni kwamba likikauka humu ndani, ndiyo mwisho."

"Na utajuaje kipi kilitoka wapi?" nikamuuliza. "Magunia yote haya! Hizi si sufuria na vifuniko vyake."

Fundi akakohoa. "Mwambie mama..." akaanza, kisha akakumbuka. "Mama, yana alama."

Akageuza ganda moja. Katikati ya vinundu palikuwa na mistari ya penseli, miwili pembeni, mmoja juu. Kila ganda lilikuwa na yake. Akatueleza kwa haya kwamba yeye hajawahi kubomoa kitu bila kutia alama, awe amefungua kitanda au mlango. Kila kipande lazima kijue jirani yake. Hakuwa na sababu ya kufanya hivyo kwenye ganda la mti. Mkono ulikuwa umezoea tu.

Wifi akamgeukia kwa lile jicho la ukungu. "Sukuma mkokoteni," akasema.

Nilimkumbusha makatazo ya dokta, nikamwambia atapofuka. Akanijibu, "Jicho lina dokta wake. Mti hauna." Lakini si mjinga, alikubali kukaa kwenye kiti, kiti kikapandishwa mkokotenini katikati ya magunia, mimi nikamshikia mwavuli. Fundi akasukuma kama amebeba mayai. Barabara nzima ilitoka nje.

"Bi Maganda, leo unauzwa mwenyewe?" akapiga kelele mshona viatu.

"Bei huiwezi!" akamjibu bila kugeuza shingo.

Penye kijito fundi alimbeba na kiti chake. Nilipouona mti nilitamani ningekuwa mimi mwenye kitambaa machoni. Katikati ya mwili ulikuwa mweupe unaong'aa, umelowana, kama mkono uliochunwa ngozi. Juu majani yalikuwa bado mabichi, hayajapewa habari.

Wifi aliamuru akiwa kitini, mgongo umenyooka. Fundi alichomoa misumari mfukoni. Akaambiwa arudishe, mgonjwa hapigiliwi. Akapanga maganda kwa alama zake, moja baada ya jingine, akiyakandamiza kwa viganja juu ya miiba. Mimi na binti tukafunga kwa mpira wa tairi kuukuu la baiskeli, tukiuvuta mpaka kucha zinauma. Kwenye maungio tukapaka tope na kinyesi cha ng'ombe, juu yake magunia mabichi, juu kabisa majani ya mgomba. Maganda mengine yalikuwa yamepasuka, hayakukubali. Fundi alitoka damu viganja vyote viwili. Nikampa kipande atafune apunguze maumivu, na muda wote uliobaki akawa anaomba radhi kwa ulimi uliokufa ganzi. "Fama, niffamehe." Hata wifi alicheka, akajishika jicho, akatukana.

Kisha tukangoja. Sijawahi kuona mti unaouguzwa vile. Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana, fundi alipitia kijitoni na ndoo kuloweka magunia. Na kila siku majani yalizidi kuwa manjano, yakaanza kudondoka. Watu walisema tunafuga kuni. Mchoma mkaa mmoja alikuja hadi mlangoni. "Bi Maganda, ule umekwisha. Niuzie kabla haujaoza."

"Ukifa nitakutumia habari," akamwambia. "Utakuja matangani kama wengine."

Lakini fundi alibadilika. Akaacha kula kwa mkwewe. Binti akanijia analia. "Mkaza," maana ndivyo anavyoniita, mkaza mjomba wake, "anataka tuhame. Amepata kazi mbali, anasema mti ukifa hataweza kupita uani kwa mama. Na mama hamgombezi! Angemgombeza, angalau!"

Nikapeleka maneno kwa wifi. Alikuwa ameshavuliwa kitambaa, analiosha jicho lake jipya kwa kutazama kila kitu: mikunjo ya uso wangu, ambayo alidai haikuwepo mwaka jana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sikumgombeza," akasema, "kwa sababu alikuja amebeba kwa mikono miwili. Mtu akikuletea kitu kwa mikono miwili, utampiga wapi? Mwambie asihame kabla ya matokeo. Hata wanafunzi husubiri."

Mvua zikaanza. Zilipotulia kidogo, wifi akasema tukafungue. Tulikwenda wote, yeye kwa miguu yake safari hii, akiruka kijito kama msichana ili nione. Mti ulikuwa umebaki matawi matupu. Fundi akakata mpira. Magunia yakaanguka. Ganda la kwanza likaja na mkono wake, kavu, jepesi kama biskuti. La pili hivyo hivyo. Akawa anayatoa na kuyalaza chini kwa mpangilio, kila moja penye jirani yake, na kila alipotoa mabega yake yalishuka. Binti alikuwa ameshika blauzi yangu kwa nyuma.

Akafika upande wa kijito, penye kivuli. Akavuta. Ganda halikuja. Akavuta kidogo tena.

"Toa mkono!" wifi akapiga kelele, mpaka ndege wakaruka.

Akasogea, akainama, maana sasa aliruhusiwa kuinama, akakwaruza kwa ukucha kati ya vinundu viwili. Chini yake palikuwa kijani. Akafuata lile ganda kutoka juu hadi chini, tunamtazama, akikwaruza hapa na pale, na kote palikuwa kijani, na maungio ya juu na ya chini yalikuwa yamevimba kama kidonda kinachofunga. Akaweka mkono wake juu yake. Lilikuwa upana wa kiganja.

"Kumbe," akasema. "Mama alikuwa anatuambia tusichukue zaidi ya hapa. Kumbe na mti wenyewe hauhitaji zaidi ya hapa."

Fundi alikaa chini kwenye tope na suruali yake ya kazini. Jitu lile lilificha uso kwenye magoti. Mimi niliangalia juu, kwa kuwa mtu mzima akilia humtazami, na ndipo nikaona kwenye ncha ya tawi moja vijani vidogo vyekundu, vimekunjana kama ngumi za mtoto mchanga.

Wifi akatoa kisu cha mama yake kiunoni, kile chenye mpini uliolika. Akamnyooshea mkwe wake, na hakumtuma mtu.

"Shika, baba. Binti yangu toka utotoni anaogopa miiba. Wewe imeshakuchoma yote, haina jipya la kukufanyia."

"Mama, mimi ndiye..."

"Wewe ndiye uliyemvua, wewe ndiye uliyemvisha. Hakuna anayemjua mwilini kama wewe. Lakini usimguse mpaka nikuambie. Na kama unahama, kisu kinabaki."

Hakuhama. Siku hizi karakana yake ina makopo yenye miche kuanzia mlangoni hadi kwenye mashine ya kupasulia mbao. Aliokota mbegu chini ya mti wenyewe, nyingi zikagoma, zilizokubali amezipanda kando ya kijito, na zipo zilizonipita kimo. Mezani sokoni yuko binti. Maganda anayatoa mumewe, kidogo kidogo, kwa urefu, na bado hutia alama ya penseli kila kipande, ingawa hakuna anayemuuliza. Mjafari wa zamani umejijaza taratibu kutoka pembeni mwa lile ganda. Umebaki na mkanda wa makovu kifuani, kama mzee aliyejifunga vizuri.

Na wifi amefanyiwa jicho la pili, anaona kuliko mimi. Yeye na mkwe wake siku hizi wanaongea mpaka wanachosha: udongo, mbegu, mvua. Jana nilikuwa hapo. Fundi aliingia kutoka kazini, wifi akamtazama, akamgeukia binti yake aliyekuwa ananyonyesha pembeni.

"Mwambie mume wako," akasema, "mlango bado unalia."